Njaa ya Songea na Chakula cha Siri

Kapteni Richter, mkuu wa boma la Wajerumani Songea wakati wa Vita vya Majimaji, hakuificha nia yake. Mmisionari alipomlalamikia kwamba askari wanaharibu chakula cha wananchi, alijibu kwamba wenyeji na wafe njaa. Askari wangejipatia chakula chao, na lau angeweza angewazuia watu hata kupanda. Aliamini hakuna kingine kitakachowachosha Wangoni na vita. Boma hilo lilikuwa limejengwa mwaka 1897. Miaka minane baadaye likawa mahali pa kupangia njaa ya makusudi.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa kwa makumi mjini Songea, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa. Mwanamke alikuwa mmoja tu katika walionyongwa: Mkomanile, kiongozi aliyesaidia kuyafikisha maji ya dawa Ungoni. Kila mwaka siku hiyo watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, kuwakumbuka. Lakini kamba iliua makumi. Njaa iliua kwa maelfu. Serikali ya Kijerumani ilihesabu vifo 75,000 katika vita nzima. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Njaa hiyo haikujengewa mnara. Iliendelea kuishi majumbani, katika namna mama anavyopima unga na anavyokihesabu chakula kilichobaki.

Mama ndiye aliyebaki na hesabu hiyo. Baada ya vita wanaume wa Ungoni walitoka kwa wingi kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga, wakitafuta fedha ya kodi. Chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kiliwapa baadhi yao sababu ya kubaki nyumbani na kulima tumbaku. Hata hivyo tumbaku hailiwi. Jembe la chakula na kihenge vilibaki mikononi mwa wanawake, pamoja na miezi migumu ya kila mwaka: Januari hadi Machi, mahindi ya zamani yakiwa yanakaribia kwisha na mapya yangali shambani. Mvua ya Songea ni ya msimu mmoja, na mavuno ni mamoja. Anayekosea hesabu mwezi wa Agosti huilipia Februari, na katika nyumba nyingi wa kwanza kuilipia ni mama, anayepakua sahani za wengine kabla ya yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kundi dogo la vijana wa TANU lilihamia porini kusini mwa nchi na kuanzisha kijiji cha Litowa. Kutokana na Litowa ikazaliwa Ruvuma Development Association, iliyosajiliwa mwaka 1963 na kukua hadi vijiji 17. Ntimbanjayo Millinga alikuwa kiongozi wake, na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi kijijini pamoja na familia yake, alikuwa mshauri. Historia za ujamaa husimulia mashamba ya pamoja na mashine ya kusaga waliyoimiliki mjini Songea. Jambo lenye uzito mkubwa zaidi kwa habari hii halisimuliwi sana: wanawake wa Litowa walikaa kwenye mikutano na kusema. Walipanga malezi ya pamoja ili watoto walishwe vizuri mama zao wakiwa shambani, na ukatili wa waume majumbani ukawa jambo la kujadiliwa na kijiji kizima. Kilio cha mke hakikuachwa nyuma ya mlango. Septemba 24, 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja jumuiya hiyo. Ilikuwa hasara kubwa, na Songea haijapata tena kitu kinachofanana nayo kikamilifu.

Utaratibu wa kukaa duara na kuzungumza haukufa, ila ulijibadili. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikutana katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiwa na redio, kitabu na kiongozi aliyefunzwa. Viongozi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa walimu, makatibu wa matawi na wakulima waliojua kusoma. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya kabla ya wiki ijayo: kuchimba choo, kufyeka kichaka, kuchemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule, ikizungumzia lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe nayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1973, na ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulikuwa umelifanya neno njaa kuwa la kitaifa.

Kwa hiyo mwanamke wa Songea wa miaka hiyo alikuwa ameshajifunza jambo ambalo hospitali nyingi duniani zilikuwa bado zinalijaribu: kwamba wenzako kumi na kiongozi aliyefunzwa wanaweza kukusaidia kubadili mwenendo nyumbani kwako. Mazungumzo yale yote, hata hivyo, yalihusu upungufu. Mtoto anayekosa maziwa, mjamzito anayekosa damu, kijiji kinachokosa mahindi. Mwanamke ambaye taabu yake na chakula ilikuwa ya namna nyingine hakuwa na sura yake katika kitabu kile.

Miaka ikaenda. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970, pamoja na mbolea ya ruzuku, iliufanya mkoa wa Ruvuma, ambao Songea imo, kuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya nafaka, sambamba na Iringa, Mbeya na Rukwa. Barabara ya lami kutoka Makambako iliufungua mkoa. Leo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yapo Ruhuwiko, ndani ya manispaa, na wakati wa msimu foleni za malori huwa ndefu. Wakati huohuo utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta watoto wapatao wanne kati ya kila kumi mkoani Ruvuma wamedumaa. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Na upande mwingine wa mizani unapanda: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi, na ule wa 2022 ukaikuta sehemu hiyo imevuka theluthi.

Uzito si ugonjwa unaozungumzwa hapa, yaani ulaji wa kupitiliza, na kuvichanganya viwili hivi kumewaumiza wanawake wengi. Yuko mwanamke mnene anayekula kwa utulivu, na yuko mwembamba anayeteseka. Ugonjwa wa ulaji wa kupitiliza una alama zake. Mtu anakula kwa muda mfupi kiasi ambacho watu wengi wasingekila kwa muda huo, na anahisi hawezi kujizuia. Anakula haraka, hata bila njaa, mpaka tumbo linauma. Anakula peke yake kwa aibu: sufuria ya wali usiku watu wakiwa wamelala, mfuko wa maandazi njiani kutoka sokoni, mkate mzima jikoni mlango ukiwa umefungwa. Baadaye anajichukia. Hajitapishi wala hanywi dawa za kuharisha, na hapo ndipo tofauti yake na bulimia ilipo. Ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa.

Daktari wa akili wa Marekani, Albert Stunkard, aliueleza ulaji huo mwaka 1959. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani hakijaupa nafasi kamili katika mwongozo wake, mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022. Uchunguzi wa shirika hilo katika nchi 14, uliochapishwa 2013, ulikuta umewapata karibu watu 2 kati ya kila 100 wakati fulani wa maisha yao, takriban maradufu ya bulimia.

Wengi huudhani kuwa ni ugonjwa wa walioshiba, wa nchi tajiri na friji zilizojaa. Ushahidi unaelekeza kwingine kabisa, na hapa historia ya Songea inaingia katika kiini cha jambo.

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Alitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu waliopigwa na njaa ya vita Ulaya. Wanaume wale walianza kuota vyakula, kukusanya vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula bila kushiba kwa wiki nyingi, wengine mpaka wakaugua. Hakuna aliyekuwa na tabia hiyo alipoingia. Njaa ndiyo iliyoipanda.

Mwaka 2017 mwanasaikolojia Carolyn Becker na wenzake walichapisha utafiti wa watu 503 waliokuwa wakipokea msaada wa chakula San Antonio, Texas. Kadiri nyumba ilivyokuwa na njaa kali zaidi, ndivyo ulaji wa kupitiliza ulivyozidi. Anayekosa leo hula kwa hofu kesho kinapopatikana. Ni mzunguko wa kukosa na kufakamia, na mwili unaujua bila kufundishwa na mtu.

Ukiusoma utafiti huo ukiwa na kalenda ya shamba la Songea mkononi, Februari na Juni zinapata maana nyingine. Mama anayejinyima miezi mitatu ili watoto wale, kisha mavuno yakaja, mwili wake hauanzi ukurasa mpya. Na binti yake aliyehamia mjini, mwenye mshahara na mashaka ya mwili wake, akiambiwa na kila mtu apunguze kula, hujinyima kwa hiari kile ambacho bibi yake alinyimwa kwa nguvu. Anaruka chai ya asubuhi, anaruka mchana, na saa 4 usiku ukuta unabomoka. Ushauri anaopewa kwa nia njema, kwamba ajikaze na afunge mdomo, ndio unaoulisha ugonjwa. Hili linafaa kusemwa kwa sauti katika kila kliniki ya kisukari na presha.

Ugonjwa huu hutibiwa pia kwa kikundi. Tiba ya kikundi nayo ina historia yake, na inaanza katika mwezi uleule Majimaji ilipolipuka Umatumbi. Julai 1905, daktari Joseph Pratt wa Boston alianza kuwakutanisha wagonjwa maskini wa kifua kikuu kila wiki. Kila mmoja alikuwa na daftari la kuandika alivyolala, alivyokula na alivyopumzika. Pratt alidhani anafundisha usafi na lishe. Muda si mrefu akaona kwamba wagonjwa walikuwa wakitiana moyo, na kwamba moyo huo ulikuwa sehemu ya dawa.

Katika miaka ya 1970 Gerald Klerman na Myrna Weissman walibuni tiba ya mahusiano kwa wenye sonona. Msingi wake ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa msibani: sonona huanza au huzidi pale uhusiano na watu unapoguswa, kwa kifo, kwa ugomvi, kwa mabadiliko ya maisha au kwa upweke. Mwaka 1993 Denise Wilfley na wenzake waliijaribu kwa vikundi vya wanawake. Walikuwa 56, wote wakisumbuliwa na ulaji wa kupitiliza bila kujitapisha. Kundi moja lilifundishwa kubadili fikra na mwenendo wa kula. Jingine lilizungumzia mahusiano, chakula chenyewe kikitajwa kwa nadra. La tatu lilisubiri. Makundi yote mawili yaliyotibiwa yalipata nafuu kubwa, la kusubiri likabaki karibu palepale. Mwaka 2002 walirudia kwa watu 162 na vikao 20 vya kila wiki. Tiba ilipokwisha, watu 64 kati ya 81 wa kundi la fikra na mwenendo walikuwa wameacha kabisa kula kwa kupitiliza, na 59 kati ya 81 wa kundi la mahusiano. Mwaka mmoja baadaye wengi wao, takriban watu 6 kati ya 10 katika kila kundi, walikuwa bado salama.

Mwaka 2000 Wilfley, Weissman na wenzao walichapisha kitabu cha kuongoza tiba ya mahusiano kwa kikundi. Muda mfupi baadaye Weissman alikuwa katika timu iliyokuwa ikiipeleka tiba ya kikundi ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, zilizokuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI, Paul Bolton, Lena Verdeli na wenzao waliijaribu tiba hiyo mwaka 2002 katika vijiji 30 kwa wenye sonona, nusu vya wanaume na nusu vya wanawake. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa hukohuko, wanaosema Kiganda, wasio na elimu ya tiba ya akili, waliofunzwa kwa wiki mbili. Vikao vilikuwa 16, kimoja kwa wiki. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliotibiwa walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia walibaki asilimia 54.7.

Namna ya kukaa pamoja iliyojaribiwa kwanza kwa wanawake wanaokula kwa siri Marekani ikawa imepata nguvu mpya chini ya miti ya Buganda, kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliichapisha kwa matumizi ya nchi zote, ikiwa imefupishwa hadi vikao vinane.

Tanzania nayo haikuwa nyuma. Jijini Dar es Salaam, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walijaribu vikundi vya wajawazito wenye VVU vilivyoongozwa na wauguzi wakunga, na matokeo yalichapishwa 2013. Mjini Moshi na vijiji vyake, watoto waliofiwa na wazazi walitibiwa kwa vikundi na washauri wasio wataalamu wa akili, katika utafiti mkubwa uliofanyika pia Bungoma, Kenya. Kazi zote hizi zilihusu huzuni na majonzi. Kuzifikisha kwenye chakula ni hatua moja mbele.

Kinachofanyika ndani ya kikundi cha wanawake wenye tatizo la ulaji wa kupitiliza hakina uchawi. Vikao vya mwanzo hufundisha jambo linalowashtua wengi: kula zaidi mchana. Milo mitatu na vitafunio viwili, bila kukaa zaidi ya saa nne tumbo likiwa tupu, hata kama jana usiku mambo yaliharibika. Kila mmoja huandika alichokula, saa ngapi, alikuwa na nani na moyo wake ulikuwaje. Baada ya wiki chache daftari linaanza kusema. Kwa mmoja ni simu ya mume aliye mbali, kwa mwingine ni siku ya mshahara, kwa mwingine ni kila Jumapili anapotoka kwa wakwe. Hapo kikundi kinaacha habari ya mahindi na wali na kuingia kwenye habari ya mume, wakwe, kifo na upweke. Wanajaribu maneno pamoja kabla ya kuyapeleka nyumbani. Mwanamke aliyedhani yuko peke yake duniani anawasikia sita wengine wakieleza jiko lao la usiku, na aibu inaanza kupungua nguvu.

Hakuna kupimana uzito mbele ya wenzako, wala mashindano ya kupungua. Kikundi kikigeuka cha kupunguza mwili kinarudi kwenye kujinyima, na kujinyima kunarudisha usiku ule.

Songea ina vyombo vya kulibeba jambo hili. Kioda, ngoma ya wanawake ya ukanda wa Ziwa Nyasa, ina viongozi wake na nidhamu yake ya kukutana. Unyago wa kusini uliwafundisha wasichana kwa vizazi mambo mazito ya mwili, ndani ya duara la wanawake waliokula kiapo cha siri. Si kila lililofundishwa humo lilikuwa jema kwa binti, lakini siri ilitunzwa. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wapo parokiani, jumuiya ndogondogo hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, na vikoba vina katibu, mhazini na faini ya anayechelewa. Udhaifu wa vyombo hivi kwa kazi hii ni mmoja, nao ni mkubwa: watu wanajuana mno. Mke wa mwenyekiti na mkwe wa mhazini hawawezi kukaa duara moja wakasema ya jikoni. Kikundi cha tiba kinahitaji watu wasiogongana kila siku, mahali pasipo na jina la ugonjwa mlangoni, na kiongozi ambaye kutunza kwake siri kumepimwa. Kituo cha afya kinaweza kukaribisha. Hospitali ya Mkoa, ambayo wenyeji huiita HOMSO, na ile ya Peramiho zinaweza kusimamia na kuwapokea wenye hali nzito.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafunza 137,294 katika miaka mitano. Hao ndio wanaoingia nyumbani, wanaouliza juu ya mtoto, maji, choo na uzazi, na wanaojua jiko lipi limezimwa Februari. Maswali mawili juu ya namna mama mwenyewe anavyokula, yaliyoulizwa bila kumlaumu na bila mume kusikiliza, yangeongeza dakika chache katika ziara. Na viongozi wa Masaka na Rakai, kabla ya kukaa na kikundi chao cha kwanza, walifunzwa wiki mbili.